Askari Aliyelazwa Champlevert

Katika machimbo yetu ya Champlevert, kila jiwe lilitiwa alama ya msalaba upande wa juu kabla ya kung'olewa, ili mchongaji aliweke vilevile lilivyolala ardhini. Jiwe lina matabaka, kama kitabu kilicholazwa. Ukilisimamisha matabaka yakawa wima, maji huingia kati ya kurasa, yanaganda msimu wa baridi, na uso unabanduka. Nilichimba mawe hayo miaka thelathini. Siku hizi wanamimina saruji kwenye kalibu na kujiita wachongaji.

Anselme Courtaud hakuwa na sifa nje ya wilaya. Alichonga mabirika ya kunyweshea ng'ombe na malaika wa makaburini. Mwanawe wa pekee, Firmin, alikufa vitani na hakupatikana hata mfupa. Baraza lilipomwagiza sanamu ya askari, ukumbusho wa wafu wetu, Anselme aliamua kumpa uso wa Firmin. Mkewe, Zélie, hakuomba kingine.

Meya Bourdillat akaagiza jiwe refu kutoka mbali, likaja kwa treni. Halikuwa na msalaba. Anselme alilimwagia maji, akalitazama likikauka, matabaka yakaonekana yakifuata urefu wake.

"Likisimama, uso utabanduka," alisema. "Hili ni la kulaza."

"Mzee Courtaud, vijiji vyote askari wao wamesimama. Sisi tu ndio wetu asinzie?"

"Mwanao amesimama, bwana meya. Nilimwona jana sokoni ananunua sungura. Wangu amelala."

Meya alivaa kofia yake akaondoka.

Jioni Anselme alimweleza mkewe. Zélie alikuwa akimenya viazi.

"Akisimama, ataonekana tangu barabarani?"

"Ataonekana."

"Mpaka lini?"

"Miaka kumi. Kumi na miwili."

"Basi mlaze."

Alichonga miezi minane. Siku ya kumfunua, mwoka mikate alisema, "Courtaud kamtandikia kitanda, bado mto," na watu wakacheka, meya akiwa wa kwanza.

Askari wa kijiji jirani alisimama vizuri hadi msimu wa baridi wa kumi na moja, pua ikadondoka, kisha kidevu. Wakambandika saruji. Anselme alikuwa amekwisha kufa, hakuyaona.

Zélie alikuwa mfupi. Kila Jumapili ya msimu wa baridi, baada ya misa, aliinama kidogo tu, akampangusa Firmin theluji mashavuni kwa ncha ya shali, akaenda zake kupika.