Nilikataa Kuandika Neno "Mchezo"

Kosa ni langu. Nalisema mapema ili mtu asinihurumie kabla ya kunisikia hadi mwisho. Nikimaliza, huenda huruma hiyo itakuwa imemwishia.

Jina langu sitalitoa. Natoka Siakago, na wanaonijua watanijua. Waache wanijue! Wamenicheka tangu siku ile, kicheko kingine kitaniongezea nini?

Mimi nina diploma ya kompyuta kutoka India. Hakuna harambee iliyofanywa kwa ajili yangu. Nilichoma makaa, nikachuma muguka, yale majani ya kutafuna, katika mashamba ya watu, nikapanda ndege peke yangu bila mjomba wa kunishika mkono. Niliporudi, sikumjua mtu mwingine katika Mbeere nzima aliyeweza kufungua kompyuta kwa bisibisi na kuifunga tena ikawaka. Bado najivunia jambo hilo. Hata katika ungamo hili sitajishusha kwa kitu nilichokitolea jasho.

Nilikodi chumba karibu na soko, nikaweka kompyuta mbili. Nilikuwa nikiwapigia watu chapa barua zao na kufundisha wachache waliotaka kujua. Chumba cha pili kilikuwa cha dada yangu mkubwa, Wanja, fundi wa nguo. Ukuta kati yetu ulikuwa wa mbao, kwa hiyo kila nilichojigamba alikisikia.

Rafiki niliyesoma naye India alikuwa akinitumia kurasa alizokata kwenye magazeti ya kompyuta. Siku moja akanitumia habari ya mchezo ambao ulikuwa haujatoka bado. Ulikuwa mchezo wa kupigana kwa bunduki kwenye skrini. Michezo ya namna hiyo tuliicheza chuoni, watu wawili, wakizidi sana wanne.

Lakini huu! Katika huu maelfu ya watu wangeingia pamoja kwa waya za simu, kila mmoja akiwa nchini kwake, wote katika uwanja mmoja wa vita. Mjapani, Mmarekani, Mhindi, na mimi wa Siakago! Ungekuwa na kikosi chako na bendera yako. Ukizima kompyuta uende kula, vita vingeendelea bila wewe.

Niliisoma karatasi ile mpaka ikachanika kwenye mikunjo. Ilisema mchezo ungetoka kabla ya Krismasi. Nikaanza kuhesabu wiki. Nikaomba laini ya simu. Nikaamua nitakuwa na kikosi cha vijana ishirini wa kupokezana, waliofundishwa mapema, ili siku mchezo ukifika tuwapige hao Wajapani kabla hawajajua Siakago iko wapi.

Kosa langu la kwanza lilikuwa kulieleza jambo hilo kwenye bucha.

"Kwa hivyo, Diploma," mwenye bucha akaniuliza huku akipangusa kisu, "ulikaa India miaka mitatu ukisomea mchezo?"

"Si mchezo tu, ni teknolojia."

"Mchezo wa kupiga piu-piu! Wajukuu wangu wanapiga kwa vijiti, na hawakupanda ndege."

Watu walicheka mpaka nyama ikaungua. Kuanzia siku hiyo hata akina mama wa sokoni waliniuliza, "Diploma, mchezo umefika?" Wajinga! Watu ambao hawajawahi kuvuka Embu wananiuliza mimi kama mchezo umefika! Nililichukia neno hilo. Nikaapa halitatoka tena kinywani mwangu wala kwenye mashine yangu.

Ndipo nikaandika tangazo. Nililipiga chapa kwa herufi nene, nikalibandika mlangoni, sokoni na kwenye ukuta wa posho mill, pale pa kusagia mahindi. Lilisema hivi:

VITA VYA DUNIA NZIMA VINAKUJA. KIKOSI CHA SIAKAGO KINAANDIKISHA VIJANA ISHIRINI WENYE NGUVU NA AKILI. JUMATANO, SAA TATU ASUBUHI.

Wanja alikuja na futi yake ya kupimia shingoni, akalisoma mara mbili.

"Mtoto wa mama, andika kwamba ni mchezo."

"Watu wenye akili wataelewa."

"Watu wa hapa wakiona 'kuandikisha vijana' wanajua ni jeshi. Neno moja tu. Nipe kalamu niongeze mimi."

"Wewe pima nguo, Wanja. Mambo ya kompyuta niachie."

Aliniangalia, akarudi kwenye cherehani yake. Hakuniambia tena. Laiti angenishika shati akanitikisa!

Sasa nije kwa Nyaga. Hilo si jina lake, lakini Siakago ina akina Nyaga wengi, litamficha.

Nyaga ni rika yangu, tulitahiriwa mwaka mmoja. Tangu tulipomaliza shule alitaka kitu kimoja tu duniani, jeshi. Mara ya kwanza walimpima kifua wakasema hakijafika. Mara ya pili alipita kila kitu, nafasi zikajaa watu watatu mbele yake. Mwaka ule ulikuwa wake wa mwisho, maana umri ulikuwa unamfungia mlango. Alikuwa ameacha muguka kabisa. Kila asubuhi alikimbia barabara ya Ishiara, na mama yake alikuwa akimwekea mayai ambayo siku nyingine angeyauza.

Redio ilikuwa imetangaza kwamba vijana wataandikishwa jeshini Embu, uwanjani, siku moja tu, Jumanne. Mimi nilikuwa nimeweka Jumatano. Sikulifikiria hilo hata kidogo. Mambo ya kukimbia na kuonyesha meno niliyaona ya watu wasio na diploma.

Wiki hiyo Nyaga alinikuta nje ya duka langu, nimezungukwa na watu kumi hivi. Mkononi alikuwa na bahasha ya kaki, ile ya vyeti.

"Rika, nimesoma karatasi yako," alisema. "Hii yako ni sawa na ile ya Embu?"

"Ya Embu?" Nikacheka ili wote wasikie. "Ya Embu ni ya kuhesabiwa meno kama ng'ombe! Yangu ni ya dunia nzima. Kwangu utapigana na Mjapani."

"Tutapelekwa huko ng'ambo?"

"Utafika kila nchi, Nyaga. Na hata jasho halitakutoka."

Watu wakapiga makofi. Yeye akacheka pamoja nao, lakini taratibu, kama mtu anayecheka kwa adabu. Akaisogeza ile bahasha kifuani.

"Basi niende Embu Jumanne, halafu nije kwako Jumatano?"

Nikiona jibu nililompa limeandikwa hapa nataka kulichana. Nilimwambia, "Anayeenda Embu asirudi kwangu. Sitaki watu wa kubahatisha."

Niliona kwamba hakuelewa! Sikilizeni, hapo ndipo penye dhambi yangu. Niliiona bahasha, nikayaona macho yake, nikajua anazungumzia maisha yake na mimi nazungumzia skrini. Ningemvuta pembeni nimwambie, "Rika, ni mchezo, nenda Embu." Ingenichukua muda wa kumeza mate. Lakini mwenye bucha alikuwa amesimama pale anasikiliza. Ningelisemaje neno lile mbele yake?

Jumanne nilifungua duka mapema kuliko siku zote. Lori lililobeba vijana wa kwenda Embu lilipita mbele yetu wakiimba. Nyaga alikuwa amekaa kwenye ngazi ya mlango wangu, amenyolewa, viatu vimepigwa rangi. Alikuwa amekuja siku moja mbele ili awe wa kwanza kwenye foleni. Wenzake wakamwita kwa jina. Akawapungia mkono, waende tu.

Na mimi nilifurahi. Jueni hivyo! Nilimtazama rika yangu akiliacha lori lile kwa ajili yangu, nikajiona mkubwa.

Jumatano walifika zaidi ya sitini. Wengine walitoka mbali, hata Karurumo. Wote walikuwa na kaptura, vyeti na barua za chifu. Kijana mmoja alikuwa ameshavua shati akijinyoosha misuli mbele ya cherehani ya Wanja. Nilisimama mlangoni na orodha, sijui nianzie wapi.

Sikuanza. Chifu alifika na askari wawili wa utawala.

"Ni nani anayeandikisha jeshi katika lokesheni yangu?"

Miaka ile watu walikuwa wamefukuzana na kuuana sehemu nyingine za nchi, na hakuna chifu aliyetaka kusikia neno kikosi. Askari mmoja alinishika ukosi.

"Nina diploma!" nilipiga kelele. Hebu fikiria, hilo ndilo lililonitoka!

"Nimekuuliza jeshi, sikukuuliza diploma. Hao vijana unawapeleka kupigana na nani?"

"Si jeshi, Chifu."

"Ni nini basi? Sema kwa sauti wasikie."

Nikalisema. "Ni mchezo."

 Mwenye bucha akaangua kicheko, soko zima likamfuata. Hata askari aliniachia ukosi ili acheke vizuri. Vijana waliotoka mbali hawakucheka. Walinitukana kwa Kiembu na Kimbeere, na yule aliyevua shati aling'oa tangazo langu akalitupa usoni mwangu.

Nyaga hakunitukana. Alikuja mbele, akatazama ndani kompyuta mbili zilivyokaa mezani, akanitazama mimi.

"Ya Embu ilikuwa jana," alisema.

Hayo tu. Akaikunja bahasha yake mara mbili, vyeti vikiwa ndani, akaondoka. Mama yake alikuja mchana. Alisimama kwenye cherehani ya Wanja na kumwambia dada yangu, mimi nikisikia kupitia mbao, "Mwambie ndugu yako nilimfukiza kwa majani ya dawa alipougua surua utotoni. Mwambie nimejuta."  Kwa mwezi mzima mimi na Wanja tulisalimiana tu.

Na mchezo? Haukutoka Krismasi ile. Rafiki yangu aliandika kwamba umeahirishwa. Akaandika tena, umeahirishwa tena. Laini ya simu nilipewa baadaye, inakwama mvua ikinyesha hata kidogo. Naandika haya na mchezo bado haujatoka. Sitaki hata kusikia ukitoka.

Nyaga alipata kazi. Mwenye plot yetu alimwajiri kulinda vyumba vyote, changu kikiwemo. Ana koti refu na rungu. Unajua hapa kwetu mlinzi anaitwaje? Soja, kama mwanajeshi! Watoto wanapita wakimwita, "Soja! Soja!" naye anaitika.

Kila saa kumi na mbili jioni nikifunga mlango, anasimama wima, anagonganisha visigino na kunipigia saluti kamili, ile aliyoifanyia mazoezi miaka yote.

"Jioni njema, Afande."

Hatabasamu. Nimemwomba aache. Nimemwomba msamaha mbele ya Wanja na mbele ya mama yake. Anasikiliza mpaka mwisho, kisha kesho yake saluti iko palepale.

Ninyi mliosoma mkarudi nyumbani na vyeti, nawaambia: kama ulicholeta ni mchezo, uite mchezo, hata bucha nzima ikucheke. Na mtu akikuuliza swali mbele za watu, angalia kwanza ameshika nini mkononi. Akiwa na bahasha, mjibu yeye. Wale waliokuzunguka wataenda nyumbani wakale. Yeye atabaki mlangoni kwako.