Karani wa Zamu za Miwa

Habari za kifo chake nilizipata Jumatatu asubuhi kwa simu ya dada yake aliyeko Kendu Bay. Aliniambia kakake aliugua kwa muda mfupi tu, na kwamba mazishi ni Ijumaa huko kwao. Hatukuwa marafiki wa kutembeleana. Nilimjua kwa sababu ya kazi, maana kwa miaka kadhaa nilipita mara kwa mara ofisini kwake Awendo, alikokuwa karani wa chama kidogo cha wakulima wa miwa. Kila msimu aliandaa orodha ya zamu: nani aanze kukatiwa miwa, nani afuate. Anayeiona kazi hiyo kuwa ndogo hajawahi kusimama kwenye shamba lililokomaa huku lori likimpita kwenda kwa jirani.

Zamani orodha iliandikwa kwa mkono, na ugomvi haukuisha. Yeye akatunga fomula yake mwenyewe kwenye kompyuta. Ilisoma tarehe za kupanda za wanachama wote, kisha kwa mpigo mmoja ikarudisha majina yakiwa yamepangwa, kila jina katika seli yake, yaani kisanduku chake kwenye jedwali, kutoka juu hadi chini. Sharti lilikuwa moja: kabla ya kuiandika, ilibidi achague seli za kutosha kuyapokea majina. Msimu mmoja wanachama wapya waliongezeka, naye akachagua seli zilezile za awali. Kompyuta haikulalamika. Ilijaza nafasi iliyopewa na kuyaacha majina ya mwisho.

Nilikuwa pale siku alipoingia mama mmoja mjane. “Kijana wangu,” alisema, “nimesikia malori yamemaliza. Mbona mimi sijaitwa?” Karani aliitafuta karatasi, akarudi kwenye kompyuta, akahesabu seli kwa kidole. Kisha akasema: “Mama, kosa ni langu. Orodha ilikukata, na mimi sikuangalia.” Mama akauliza, “Na miwa yangu?” Mchana huo karani alikwenda naye shambani, akarudi kuomba lori. Lilipofika, nusu ya miwa ilikuwa imekauka. Wengine walioachwa aliwafuata nyumba kwa nyumba kuwaeleza, ingawa angenyamaza wangelaumu malori tu.

Tangu hapo alichagua seli nyingi kuliko majina. Zile za ziada zilijaa alama za kosa, ambazo kompyuta huweka pasipo na jina, naye akazichapisha hivyohivyo na kuzibandika ukutani. Mwenyekiti hakupendezwa. “Omera, ndugu yangu, futa hizo takataka. Zinatuaibisha.”

“Zikionekana hizo, Mwenyekiti, najua majina yameisha yenyewe. Hakuna aliyekatwa.”

Baada ya muda niliwaona wakulima wakifika ukutani na kuanza kusoma kutoka chini.

Siku hizi kila ofisi ina kompyuta, kuanzia Migori hadi Homa Bay, na orodha za basari za masomo na za mbolea ya ruzuku hutoka zikiwa safi, hata hatuthubutu kuzihoji. Tunasoma waliomo, tunakwenda zetu. Aliyeachwa hudhani hakustahili, na mwenye kosa huenda hajui kwamba amekosea. Karani huyu alinifundisha kwamba kazi ya kupanga watu haimaliziki kwenye jina la mwisho. Inamalizika pale mpangaji anapokuwa tayari kuonyesha, kwa macho ya wote, kwamba baada ya jina hilo hakubaki mtu.