Chumba Ambacho Sikukikagua

Kosa ni langu, Bwana Mhariri. Si la mvua wala la wadudu. Litoe gazetini, lakini jina langu ulifiche, maana nina watoto wanaosoma hapa Iramba.

Watu wa Ulemo wananijua kwa kazi ya kukagua nyumba. Sikufundishwa na mtu. Nilikuwa msimamizi katika kambi ya barabara, nikavisoma vitabu vya ujenzi vya mabwana neno kwa neno, kamusi mkononi. Vitabu havikusema lolote juu ya tembe, nyumba zetu za paa bapa la udongo. Kwa hiyo kila tembe lililoanguka nilikwenda kulitazama, nikaandika katika daftari lilianzia wapi kuanguka.

Mtu akitaka kununua, aliniita. Nilizunguka kuta zote, nikapanda juu na kukanyaga kwa kisigino, nikauliza udongo wa paa umeongezwa mara ngapi, maana kila mwaka watu huongeza na hakuna anayepunguza. Ndani nilichoma kila nguzo kwa msumari wa inchi sita, chini kabisa inapoingia ardhini, kisha nikagonga boriti na kusikiliza. Mwisho niliandika karatasi. Watu waliiamini karatasi ile kuliko macho yao!

Rafiki yangu Mkumbo, fundi cherehani, alirudi kutoka vitani akataka nyumba ya kuishi na mkewe Raheli. Tembe lililokuwa likiuzwa lilikuwa la mama mkwe wangu, mjane aliyekuwa anahamia Mitundu kwa mwanawe.

Hapo ilinipasa kukataa. Sikukataa!

"Shikamoo, mama."

"Marahaba, mkwe wangu. Leo umekuja kula, au kunichomea nguzo zangu?"

Tukacheka. Nikakagua ukumbi, zizi na chumba cha vijana. Nguzo zote nzima. Kikabaki chumba cha ndani, anamolala yeye. Kwetu mkwe haingii huko hata nyumba ikiungua. Nilisimama mlangoni macho chini, na hapo kizingitini nikaona unga laini wa mti, mfano wa unga wa mtama. Niliuona vizuri. Nikaufuta kwa kiatu.

Mkumbo, niliyekuja naye, akasema, "Basi niingie mimi nichome, wewe unielekeze ukiwa hapo hapo."

Ningesema ndiyo, yote yangekwisha pale! Lakini niliona haya kufanyiwa kazi yangu na mshona nguo. Nikamwambia, "Wewe shona suruali. Nguzo hizi zilikatwa msitu mmoja, siku moja. Hizi zikiwa nzima, na zile ni nzima."

"Haya, bwana mkubwa wa nguzo," akasema akicheka.

Mama mkwe alikuwa ameshika ungo. Alikuwa ameacha kupeta. Ananitazama tu.

Nikaandika: Nimekagua vyumba vyote. Nyumba ni nzima.

Walipohamia hazikupita wiki nyingi, Raheli akanikuta kisimani.

"Shemeji, kuna kitu kinatafuna juu ya kitanda. Kri, kri, kri."

"Ni panya, shemeji."

"Panya hapumziki? Hiki hakipumziki."

Wakati huo mama mkwe alikwisha hama. Hakuna mila iliyonizuia tena kuingia chumba kile. Kilichonizuia ni karatasi yangu! Nikichoma nguzo na msumari ukazama, watu wangeuliza siku ile ya kwanza nilichoma nini. Nikamwambia nitakuja mvua zikiisha.

Kabla ya mvua nilipita njiani nikamwona Mkumbo juu ya paa, anamwaga udongo mpya na kuushindilia kwa miguu, kama tufanyavyo wote. Akanipungia mkono. Nami nikampungia. Nikaenda zangu!

Mvua ilinyesha siku tatu mfululizo. Siku ya nne jua likatoka, Raheli akaingia chumba cha ndani kutoa mtama auanike. Paa likashuka lote.

Tulichimba kwa majembe, kisha kwa mikono. Tulimbeba juu ya kitanda chake kuelekea hospitali ya Kiomboi. Hakufika.

Nguzo ya chumba kile niliitafuta mwenyewe kwenye kifusi. Kwa nje ilikuwa nzuri. Niliishika upande wa chini, ikamomonyoka yote kiganjani.

Baada ya maziko Mkumbo alitoa karatasi yangu mfukoni. Anajua kusoma, tena vizuri. Akaniambia mbele ya watu, "Nisomee."

Nikasoma.

"Rudia hapo pa vyumba vyote."

Nikarudia. Akaikunja, akairudisha mfukoni. Tangu siku ile hajasema nami.

Mama mkwe alikuja msibani kutoka Mitundu. Aliketi akinipa mgongo. Nikamwuliza, "Mama, ulijua?"

"Nilijua. Kitanda changu nilikihamisha mara mbili. Nikadhani na wewe umejua, kwa elimu yako, ndiyo maana hukuuliza. Nikasema moyoni, mkwe wangu amenisitiri."

Ole wangu! Nilidhani nimeficha jambo langu mwenyewe, kumbe nilikuwa nimeficha na lake.

Siku hizi hakuna anayeniita. Mchana nikijinyoosha kitandani nasikia juu yangu, kri, kri, kri. Nimechoma nguzo zangu zote, mara tatu kila moja. Ni nzima.

Wenzangu mnaonunua, mkaguzi akiwa mkwe wa mwenye nyumba, tafuteni mwingine, na mkiambiwa chumba fulani hakiingiliki, hicho ndicho mwanze nacho. Mnaouza, hamisheni kitanda, ondoeni mizigo iliyoegemezwa kwenye nguzo, semeni mnalolijua hata kama hamkuulizwa. Na wewe unayekagua, chumba usichokiona andika hivyo hivyo: sikukiona. Ni neno moja tu! Ningeliandika, leo Raheli angekuwa juu ya paa anageuza mtama wake.