Usingizi Niliompa Mume Wangu

Mume wangu alikuwa dereva wa lori, nami niligawa dawa katika dispensari ndogo pembeni mwa mji wa Voi. Ni miaka ya sabini hiyo, watoto wetu wawili, mkubwa ameanza darasa la kwanza. Sikuwa nesi wa cheti. Nilifundishwa kazini tu, nikapewa gauni la bluu na ufunguo wa kabati. Wagonjwa waliniita sista, nami sikuwakataza.

Lori lake lilitoka Mombasa hadi mpaka wa Uganda na kurudi, na tajiri wake hakutaka kusikia habari za kulala njiani. Kwa hiyo mume wangu alitafuna miraa. Akifika nyumbani alikuwa amekesha siku mbili na macho yamekataa kufumba. Alijilaza akitazama mabati ya paa, taya zikienda kama bado ana kitu mdomoni. Mtoto akiangusha kikombe, anaruka kama amepigwa.

"Mama watoto," aliniambia siku moja, "huko kazini kwenu hakuna kitu cha kumlaza mtu?"

Kilikuwako. Vilikuwa vidonge vidogo vyeupe tulivyowapa wenye kifafa, na wengi wao walilalamika kwamba vinawafanya wasinzie mchana kutwa. Nilichukua viwili, nikavifunga kwenye kipande cha karatasi ya daftari. Akalala usingizi wa mtoto. Alipoamka aliomba uji, akawabeba watoto mabegani akazunguka nao uwanjani, majirani wakicheka. Niliona nimefanya jambo jema. Watu hudhani shimo huonekana tangu mbali. Mimi nilichoona ni mume aliyepumzika.

Miezi michache baadaye viwili havikutosha. Vikawa vinne, kisha sita. Halafu akagundua mwenyewe kwamba akivisukuma kwa gilasi ya chang'aa, usingizi hauchelewi. Nilimwambia asichanganye. Hilo nilifundishwa siku ya kwanza kabisa: dawa ile na pombe vyote vinazubaisha pumzi, na vikikutana, mtu anaweza kusahau kupumua.

"Wewe si daktari," alisema.

"Basi sileti tena."

"Usipoleta, nitalala kwenye usukani. Unataka niue watu barabarani?" Kisha akaongeza kwa upole, "Na nikishikwa, wakiniuliza nilivizoea wapi, niseme nini?"

Hakunitisha. Alikuwa anauliza kweli, na hilo ndilo lililonifunga mikono. Nikimnyima, anaweza kufa barabarani na kuua wengine. Nikimpa, anaweza kufia kitandani. Nikisema, nafungwa. Kila asubuhi nilivaa gauni langu la bluu nikaenda kufungua kabati, na kila Ijumaa niliondoka na karatasi iliyokunjwa ndani ya sidiria.

Mkebe wa vile vidonge ukaanza kupungua kabla ya wakati wake. Siku moja alikuja mama kutoka Ronge, amemshika mkono mwanawe wa miaka kama saba. Nilimfahamu, alikuja kila mwezi kuchukua dawa ya kifafa ya mtoto. Niligeuza mkebe mbele yake, ulikuwa mtupu.

"Dawa imekwisha, mama. Rudi wiki ijayo."

"Wiki ijayo? Na akianguka jikoni?"

"Muweke mbali na moto."

Akanitazama. Nyumba yake nzima ilikuwa jiko moja na kitanda, nami nilijua. "Asante, sista," akasema, akaondoka na mwanawe.

Jumapili moja nilirudi kutoka kanisani na watoto, jua la saa sita limewasha mabati. Mume wangu alikuwa amefika asubuhi, tukiwa ibadani. Mlango ulikuwa umerudishwa tu. Nilimkuta chali, anakoroma mkoromo nisioujua, kama maji yanayochemka ndani ya sufuria iliyofunikwa. Ukakatika. Nikahesabu kimoyomoyo. Ukarudi. Midomo yake ilikuwa na rangi ya majivu. Nilimwita, nikamfinya sikio kwa kucha, hakukunja hata uso. Chini ya kitanda palikuwa na chupa ya chang'aa imebaki tone, vijiti vya miraa vimetapakaa sakafuni, na karatasi yangu ya Ijumaa imekunjuliwa. Ilikuwa na vidonge vya wiki nzima, karibu arobaini. Hakikubaki hata kimoja.

Jirani yetu, Mkamba mmoja aliyeuza mahindi sokoni, alileta pikapu yake. Tukampakia juu ya magunia.

"Ni malaria?" aliniuliza.

"Ndiyo, naona ni malaria." Uongo ulitoka kabla sijaufikiria.

Hospitalini tulipokelewa na daktari kijana, mtu wa bara. Akauliza ameumwa tangu lini. Nikasema tangu jana. Akauliza kama ana homa. Nikasema ndiyo, huku mkono wake ukiwa tayari kwenye paji la uso lililokuwa baridi. Akainama akanusa.

"Amekunywa?"

"Kidogo."

"Malaria imepanda kichwani, na pombe juu yake," akamwambia nesi. "Tayarisha kwinini."

Nilisimama kando ya ukuta. Nesi alivunja shingo ya kichupa cha dawa ya sindano, nikasikia kioo kikikatika. Niliwaza jela, niliwaza watoto walioachwa kwa mke wa jirani, niliwaza kabati na mkebe mtupu. Kisha likaja wazo jingine, na sitalificha, kwa maana nimelificha miaka mingi: akifa kwa malaria, hakuna atakayeuliza kitu. Wazo hilo halikupita tu. Lilikaa nami pale ukutani.

Mume wangu akaacha kupumua. Nilihesabu, nikapita hesabu ambayo pumzi yake ilikuwa ikirudi, nikaendelea kuhesabu.

"Daktari, si malaria."

"Ni nini basi?"

"Vidonge vya kifafa, fenobabitoni. Arobaini hivi. Na chang'aa. Na alikuwa na miraa tangu juzi."

"Alivipata wapi?"

"Kwangu."

Hakupiga kelele. Alinitazama mara moja tu, akamwambia nesi aweke sindano chini, akaanza kumpulizia pumzi kwa mfuko wa mpira. Walibana mfuko ule kwa zamu, yeye na manesi wawili, mpaka kesho yake. Mtu akichoka mkono, mwingine anapokea. Mimi sikuruhusiwa kuugusa.

Baadaye daktari alinieleza akiwa ameketi kwenye benchi, viatu amevivua. "Watu wanafikiri kimoja kinafuta kingine," alisema. "Miraa inamdanganya kwamba hajalewa wala hana usingizi, kwa hiyo anaongeza kidonge, anaongeza gilasi. Miraa ikiisha nguvu, vile viwili vinabaki, na vyote vinavuta upande mmoja. Ungechelewa kidogo tu kusema, sista, ungerudi nyumbani na maiti."

Lile neno sista, alivyolitamka, sikulisahau.

Siku ya tatu mume wangu akafumbua macho. Siku ya tisa, nilipokuwa namlisha viazi, sahani iliruka mkononi mwangu, mwili wake ukakakamaa na kutikisika, povu mdomoni. Nilimgeuza ubavu kama nilivyofundishwa. Mwili ulikuwa umevizoea vile vidonge, daktari akasema, sasa ulikuwa unavidai. Ikabidi apewe vilevile, vikipunguzwa kidogo kidogo kwa wiki nyingi.

Mkubwa wa dispensari alikuja mwenyewe wodini kuchukua ufunguo. Hakunipeleka polisi, kwa ajili ya watoto, alisema. Akanikataza kukanyaga tena pale, hata nikiugua. "Nilikuamini kuliko waliosoma," akaniambia. Nikamkabidhi ufunguo.

Kabla ya kuhama mji nilikwenda Ronge. Sikutumwa na mtu. Nilimkuta yule mama anachambua maharagwe mlangoni. Mwanawe alikuwa amekaa karibu naye, mkono wa kushoto umefungwa kitambaa, vidole viwili vimegandana kwa kuungua. Nilimwambia yote, tangu vidonge viwili vya kwanza. Aliendelea kutupa mawe ya maharagwe upande mmoja.

"Sasa umeniambia," alisema mwisho. "Nifanye nini nayo?"

Nikaondoka.

Tulihamia Wusi, juu milimani, kwenye shamba la mama mkwe. Mume wangu hakuendesha gari tena. Mikono ilimtetemeka, na alisahau mambo ya jana huku akikumbuka kila kona ya barabara ya Nairobi. Mama mkwe aliwaambia watu kwamba mwanawe alirogwa na madereva wenzake. Aliwaambia mbele yangu, nami nikiwa nachochea moto, nikaendelea kuchochea. Nilimkuta ana heshima yake kijijini, na heshima hiyo ilisimama juu ya kunyamaza kwangu. Niliishi humo miaka kumi na zaidi. Kulipokuwa na arusi nilijua mbangara, pombe yetu ya kienyeji, ipo, na nilikwenda kumtoa mume wangu mbele ya wanaume wenzake, wakinicheka. Mara mbili nilichelewa, nikamkuta amekwisha kunywa.

Kwa miaka mingi mume wangu alinilaumu. Ningenyamaza, alisema, angekuwa bado dereva. Nilimjibu kwamba angekuwa kaburini, naye akasema hilo ni neno la kwangu.

Mama mkwe alipokwisha kufariki, tulikuwa tukipalilia mahindi, sisi wawili, naye akasimama na jembe lake.

"Yule daktari aliniambia ulisema malaria kwanza."

"Ndiyo."

"Ulikaa muda gani na hiyo malaria?"

"Sijui. Pumzi yako ilikatika, ndipo nikasema."

Akatazama upande wa tambarare, kule chini barabara inakopita.

"Ingekuwa wewe umelala pale," akasema, "mimi ningenyamaza."

Sikujua kama alikuwa ananisamehe au anakiri, na sikumuuliza. Alirudi kwenye mstari wake, nami kwenye wangu, mpaka mvua ikatutoa shambani.