Nilivyokabidhiwa kwa Mjomba

Mimi si mtu wa kutulia. Mama husema hata tumboni nilikuwa nageuka-geuka mpaka akakosa usingizi, na kazini, kwenye maabara ya kiwanda cha rangi hapa Thika, wenzangu wamezoea kuniona nikila chakula cha mchana nikiwa nimesimama. Kwa hivyo haikuwa rahisi, siku ya uchumba wangu, kuketi kwenye zulia la sebuleni kwetu nikiwa nimejifunika kichwa, nisiseme, nisisogee, huku watu wazima wakipanga maisha yangu na kupitishiana peremende za maziwa.

Mchumba mwenyewe nilikuwa nimejipatia. Mjomba wangu, kaka yake mama, ana gereji Ruiru, na kijana huyu alikuwa akileta hapo lori la kinu chao cha chakula cha mifugo, lori ambalo halikumaliza wiki bila kuharibika. Mara ya kwanza nilimkuta ameshika tochi, mjomba yuko chini ya gari anamfokea kwa sababu tochi inatikisika. Nilimpenda kwa kuwa alicheka. Nyumbani hawakujua lolote kwa muda mrefu. Mjomba ndiye aliyejua, maana lori lilianza kuletwa hata likiwa zima.

Mambo yalipoiva, mjomba akajitolea kuwa mshenga. Baba hakupenda. Baba yangu ana duka la vifaa vya ujenzi, ni mtu wa shati lililopigwa pasi na sala kila asubuhi, na machoni pake mjomba ni mtu wa mzaha tu, asiyejua hata kutoa mafuta ya gari kwenye kucha. Lakini mama aliomba. Mjomba akaenda kwa kina kijana, akarudi na habari kwamba familia ni nzuri, hawanywi, hawali nyama, na mama mkwe hana kelele.

"Nimeuliza kila kitu," akasema. "Bado tu kuhesabu meno."

Kumbe kitu kimoja hakuuliza, nacho ni gotra.

Kwetu sisi Wahindu, kila familia hujihesabu kutoka kwa mtakatifu mmoja wa kale, na ukoo huo ndio gotra. Hupita kwa baba. Mtoto wa kike huwa na gotra ya baba yake mpaka siku ya ndoa, halafu anaingia ya mumewe. Watu wa gotra moja ni ndugu, hata kama hawajawahi kuonana, hata kama mababu zao walitoka pande tofauti kabisa za India. Na ndugu hawaoani. Baba alinifundisha kutaja gotra yetu kabla sijajua kufunga kamba za viatu.

Basi siku hiyo maharaj, kuhani wetu, aliwasha taa, akamtilia baba wa kijana maji kwenye kiganja, akamwomba aitaje familia yake mbele ya Mungu. Mzee akataja jina, kisha gotra. Baba alikuwa anapitisha chai. Akasimama na trei mikononi, chai inapoa, na hakuna aliyehitaji kuelezwa. Ilikuwa gotra yetu. Mjomba akaanza kusema kwamba hawa watu hata majina yao hayafanani na yetu, mama akamwambia anyamaze. Wageni walinywa chai kwa heshima, wakaondoka kabla ya chakula.

Wiki zilizofuata sikuweza kukaa mahali. Jioni nilikuwa natoka kiwandani na kuzunguka mji kwa miguu, napita maduka ambayo sina haja nayo, narudi nyumbani wote wameshakula. Simu ya mchumba wangu nilikuwa naipokea, halafu tunazungumza habari za lori tu. Mwenzangu wa maabara, mama mmoja wa Murera, alichoka kuniona nikimwaga rangi.

"Kwani wewe na huyo kijana mko jamaa?" akaniuliza.

Nikamweleza. Akasikiliza akiwa amekunja mikono.

"Haiya. Hata sisi tuko na muhiriga, ukoo wetu, na kuna watu hawafai kuoana. Lakini ikitokea, wazee wanakaa chini, mbuzi inachinjwa, maneno inaisha."

"Sisi hatuchinji kitu."

"Basi hapo mko na shida," akasema, akarudi kwa kazi yake. Nilicheka mpaka nikalia, na kile kilio hakikuwa cha kicheko.

Hatimaye nilimlipukia baba. Nilimwambia tutaenda kwa msajili wa ndoa, tutie sahihi, tutoke na cheti, na huyo mtakatifu kama ana neno aje aniambie mwenyewe. Nilitegemea atafoka. Alikuwa anafunga duka, akaendelea kuvuta mlango wa chuma mpaka chini.

"Enda," akasema. "Sitakufungia. Lakini mimi siku hiyo nitasimama wapi?"

Nilijua anachosema. Katika harusi zetu baba huchukua mkono wa binti yake, akauweka ndani ya mkono wa bwana harusi, na maji yakamwagwa juu yake. Ndiyo kazi kubwa kuliko zote ambayo baba wa msichana hupewa duniani, na wangu alikuwa na msichana mmoja tu. Nilikuwa bado na hasira, ila sasa sikujua niielekeze wapi.

Maharaj ndiye aliyekuja na njia, nayo ilikuwa mbaya kuliko tatizo. Akasema baba anaweza kunitoa, kabisa, kwa mtu wa gotra nyingine, nihesabiwe mtoto wa huyo, na huyo ndiye aniozeshe. Kwa kawaida hupewa kaka wa mama, maana gotra yake ni nyingine. Mama akaangalia sakafu. Mjomba na mkewe hawakujaliwa watoto. Baba akasema hapana, akaondoka chumbani.

Halafu Jumapili moja akaniambia niwashe gari. Hakusema tunaenda wapi mpaka tulipofika njia ya kuingia Ruiru. Mjomba alikuwa gerejini peke yake, ameinama ndani ya injini ya pikapu. Baba akasimama kati ya matairi na madebe ya mafuta na shati lake jeupe.

"Hii balaa ni wewe umeileta," akamwambia.

"Najua," mjomba akasema.

"Nimekuletea binti."

Nilingoja mzaha. Mjomba akachukua kitambaa, akajifuta kidole kimoja kimoja, muda mrefu.

"Wa kukaa mpaka harusi?"

"Hakuna mpaka. Ukimchukua, umemchukua. Ni wako."

"Na wewe?"

"Mimi nitakuja harusini," baba akasema.

Mimi nilikuwa nimesimama hapo hapo, mtu mzima mwenye kazi na mshahara, nikizungumziwa kama mtungi wa gesi. Nilitaka kuwaambia hivyo. Lakini sauti ya baba ilikuwa imeanza kukwaruza, nikajifanya natafuta kitu ndani ya mkoba.

Ibada ilifanyika nyumbani kwa mjomba. Baba alitamka kwamba amenitoa, mjomba akatamka kwamba amenipokea, kisha akatakiwa kuninusa utosini kama anavyonuswa mtoto mchanga. Mjomba ni mfupi, ikabidi niiname. Nywele zangu zilikuwa na harufu ya kiwanda, hilo nalijua, na yeye akanusa kana kwamba hajawahi kunusa kitu kizuri zaidi.

Nikahamia kwake, kwa kuwa bibi harusi lazima atoke kwa baba yake. Siku zenyewe zilikuwa chache, naye alizitumia zote. Alinunua kitanda kipya na pazia la waridi ambalo mtoto wa darasa la nne angelipenda. Nikichelewa kutoka Thika nilimkuta getini, ananiuliza simu yangu ni ya nini kama siipokei. Mafundi wake aliwaambia, "Msichana wangu anaolewa," nao wakacheka, wakimjua kwa mizaha, akakasirika kweli. Usiku nilikuwa najigeuza kwenye kile kitanda nikiwaza kama baba amekula. Asubuhi mkewe alinipikia mikate na mjomba akaniangalia nikila. Alikuwa na furaha kiasi cha kuniudhi.

Harusi ilifanyika Thika. Baba alikaa mstari wa pili, katikati ya wateja wake, hajui mikono aiweke wapi. Kila mara aliinuka kumpa mtu soda, mtu ambaye tayari alikuwa na soda. Maharaj alipoita baba wa bibi harusi nikamwona akianza kusimama, kisha akakumbuka, akaketi. Aliyekuja ni mjomba. Kucha zake zilikuwa safi kabisa. Alichukua mkono wangu akauweka ndani ya mkono wa mume wangu, na maji yakamwagikia magoti yetu sote.

Tulipomaliza kuuzunguka moto wa ibada, maharaj alinitangaza kuwa mke, kisha akataja gotra niliyoingia, gotra ya mume wangu. Baba akainua kichwa. Wengine walikuwa wanatafuta chakula, ila yeye alikuwa amesikia. Akaja mpaka jukwaani, akamshika maharaj mkono wa kanzu.

"Hiyo si yetu?"

"Ndiyo hiyo hiyo," maharaj akasema.

Baba akaanza kucheka. Mabinti wote wa ukoo wetu, dada zake na shangazi zake, waliolewa wakatoka. Mimi nilitolewa, nikaolewa, nikarudi. Aliwaambia wateja, akamwambia mpishi, akaniwekea mkono kichwani na kusema, "Amerudi." Nilifurahi kwa ajili yake, nisiseme uongo. Pia nilichoka. Hakuna aliyeniuliza kama nilikuwa nimeondoka.

Tulipoingia garini mjomba ndiye aliyekuja dirishani. Akaniuliza kama mkanda umeshika vizuri. Nikasema umeshika.

"Baba yako amerudishiwa wake," akasema. "Ni sawa, ni haki yake. Lakini hizo siku ulikaa kwangu, kwani ulikuwa wa nani?"

"Wako," nikamwambia.

Akaitikia kwa kichwa, akagonga paa la gari kwa kiganja, kama anavyofanya gari la mteja likishapona na mwenyewe amekuja kulichukua.