Gunia la Mwenyekiti wa Kijito

Kijito cha Nampunga, bondeni nje kidogo ya Kinjumbi, mtu mwenye miguu mirefu hukivuka bila kuvua viatu. Lakini kina mwenyekiti. Gregori alipewa kamati ya maji miaka sita iliyopita, kwa kuwa siku ya mkutano ndiye pekee aliyekuja na kalamu, na tangu hapo anatembea kama aliyeyaumba maji.

Sheria moja aliipenda kuliko mke: muhogo mchungu ulowekwe chini ya kivuko, si juu, kwenye kisima cha kunywa. Atakayekamatwa, muhogo wake unamwagwa porini, naye anazoa tope la kisima mwezi mzima. Bi Kidawa, mjane aliyemzidi miaka kumi, alishikwa na vipande sita tu. Aliomba asubiriwe, mgongo unamuuma. Gregori akamjibu kwamba sheria haina mgongo.

Tatizo ni kwamba chini ya kivuko muhogo unaibwa. Basi Gregori wa kwake akautia guniani, akaulowekea juu kabisa, kidimbwini, penye mizizi ya mkuyu. Mkewe Devota alimwonya, akaambiwa hajui mambo ya kamati.

Mvua ya Jumatatu ikalishusha gunia hadi kisimani. Kulipokucha maji yalinuka mpaka barabarani, na wanawake wamesimama na ndoo tupu. Gregori alifika, akalitambua. Lilikuwa gunia la korosho, na magunia yake yote ya korosho aliyatia jina kwa rangi, herufi kubwa, yasije yakapotelea ghalani. Bahati yake, upande wa jina ulilalia tope. Akikiri, uenyekiti umekwenda. Akakohoa, akasema magunia hufanana, na hili huenda ni la watu wa kijiji cha juu.

Bi Kidawa akainama, na mgongo wake ule ule, akaligeuza.

"Tusomee, mwenyekiti," akasema. "Wewe ndiye mwenye kalamu."

Aliyesoma ni Devota, taratibu, kama anasoma somo kanisani, jina zima hadi la babu.

Hawakumvua uenyekiti, hiyo ingekuwa huruma. Wiki ya tatu sasa anazoa tope. Kila asubuhi Bi Kidawa husimama ukingoni na ndoo yake.

"Shikamoo, mwenyekiti," humwambia, mkubwa kwa mdogo, na haondoki mpaka aitikiwe marahaba.