Kitako cha Twiga

Mtaani walimwita Fundi Kesho, na hakuwa na haki ya kununa. Ukimpelekea bunduki angeigeuza, angeitikisa, kisha angekuambia uje kesho. Na hiyo kesho ungemkuta anapiga msasa kitu cha mtu mwingine. Ila tangu mwanawe azikwe, miezi tisa sasa, hata neno lake hilo alilitamka kama anayesoma kibao ukutani. Alikula, alioga, alifungua karakana. Moyo ulikuwa umekufa ganzi, basi.

Jumatatu akaja mkwewe, mjane wa huyo mwanawe, na bunduki ya marehemu. Mumewe alikuwa akiwinda nguruwe pori katika shamba kubwa, na wenye shamba walikuwa radhi kumpa mjane nafasi ile, mradi afaulu mtihani wa shabaha Ijumaa. Akishindwa, kazi hana, na bunduki inarudishwa serikalini. Shabaha anayo, alisema; tatizo ni teke. Kitako cha plastiki ni chepesi, ndani kitupu, na kila risasi ikitoka kinamrudia begani kwa hasira zote. Bega lilikuwa limevimba hata ndoo habebi, na siku hizi alikuwa akifumba macho kabla ya kufyatua.

Fundi hakusema kesho. Alifungua skrubu mbili, akabandua kifuniko cha nyuma, na ndani ya kitako akakuta soksi. Twiga, ndivyo walivyomwita mwanawe kwa urefu wake, aliisokomeza humo ili plastiki isilie kama debe. Ilikuwa na tobo kwenye kidole gumba. Fundi akaishika, akangoja asikie chochote moyoni. Hakusikia. Akaijaza gololi za madini ya risasi, maana uzito hupunguza teke, akaifunga fundo na kuirudisha ndani. Nyuma akaweka mpira mnene wa kumeza kishindo.

Jumatano mkwewe alirudi kutoka kuijaribu. Afadhali, alisema, lakini analazimika kurefusha shingo ili aone kwenye darubini, na mpira unamkalia mkononi badala ya begani. Fundi akamwambia ataizoea. Mkwewe aliegemeza kitako kwenye kunjo la kiwiko, kama fundi mwenyewe anavyowapima wateja wake, akanyoosha kidole. Kilikomea nyuma, hakikufika kwenye kifyatulio.

"Baba, mpira umeongeza urefu. Ulitakiwa ukate."

Alijua. Kwa kosa hilohilo alikuwa amewafokea mafundi wenzake miaka thelathini.

"Nitakata kesho," alisema.

"Usinipe kesho, baba. Bunduki hii umeiacha ya Twiga."

Fundi alimpima mkono, akazungushia kitako utepe ili plastiki isimeguke, akachora mstari, akachukua msumeno wa meno madogo. Kipande kilianguka sakafuni. Alikifagia pamoja na vumbi, na kwa kuwa hakuumia popote, alidhani yamekwisha.

Ijumaa alimsindikiza uwanjani. Risasi tatu, zote ndani ya duara. Mkaguzi alikuwa mtu wa kununa hata kwenye habari njema. Aliinama kwenye fomu yake akaanza kuandika. Mkwewe alikuja anatabasamu, na fundi akamuuliza bega.

"Imenisukuma tu, baba. Haikunipiga."

Fundi aliipokea bunduki, akahakikisha haina kitu, na mkono kwa mazoea ukaegemeza kitako kwenye kiwiko. Twiga alikuwa amerithi mikono ya baba yake, sawasawa kabisa. Bunduki hii ilipokuwa mpya walipima mkono mmoja tu, wa fundi, wakacheka. Sasa kidole kilipita kifyatulio, kikabaki mbele, hakina pa kushika.

"Hebu shika," alimwambia mkwewe. "Nikae kidogo."

Akakaa palepale kwenye majani, akalia kwa sauti, mkaguzi akiwa bado anaandika.